Linki inafunguka, lakini je, bado inasema kweli? Kwa nini mashine peke yake haitoshi kukagua tovuti

Mwishoni mwa Januari 2025, tovuti ya FEWS NET ilizimika. Huo ni mtandao wa kutoa tahadhari ya mapema kuhusu njaa, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa kubwa iliyozikumba Ethiopia na Sudan. Kwa miaka mingi, mashirika ya misaada, waandishi wa habari na maofisa wa serikali katika nchi karibu 30 walikuwa wakitazama huko kujua mvua ikoje, bei ya mahindi imefika wapi, na ni maeneo gani yanaelekea kwenye upungufu wa chakula. Serikali ya Rais Donald Trump iliposimamisha misaada ya nje, tovuti hiyo ikatoka hewani. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, tovuti ya shirika la USAID nayo ikazimwa.

Kilichofuata hakikusikika sana. Kurasa nyingi za mashirika na vyombo vya habari, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilikuwa zimeweka linki za kwenda kwenye tovuti hizo mbili. Kurasa hizo hazikuguswa na mtu. Zilibaki palepale, na maandishi yake yalevile, ila ukibonyeza linki hufiki popote. FEWS NET ilianza kurudi hewani katikati ya 2025, lakini kwa miezi kadhaa mtu aliyetaka kuhakiki taarifa kuhusu mvua au bei alikuta mlango umefungwa.

Msikilizaji, unaweza kudhani haya ni mambo ya wataalamu wa kompyuta. Hapana. Siku hizi matangazo mengi yanayokuhusu yanakuja na linki: matokeo ya mitihani, nafasi za kazi, mikopo ya wanafunzi, utabiri wa msimu, bei za mazao, ratiba ya chanjo ya mifugo. Mtangazaji anasoma tangazo, halafu anamalizia kwa kusema maelezo zaidi yapo kwenye tovuti. Ukifungua ukakuta patupu, umepoteza bando. Ukikuta tangazo la mwaka juzi ukaliamini, unaweza kupoteza nauli ya kwenda mjini. Ukimkuta tapeli amekaa humo, unaweza kupoteza pesa zilizopo kwenye simu.

Kwa hiyo swali la nani anakagua linki, mashine au mtu, linagusa mfuko wako. Makala haya yanaeleza kila mmoja anaona nini, anakosa nini, na kazi hiyo inapaswa kugawanywa vipi.

Linki inakufaje?

Linki, au kiungo kwa Kiswahili cha vitabuni, ni anwani. Inaiambia simu yako iende kwenye kompyuta fulani na kuomba ukurasa fulani. Kompyuta hiyo inayotunza kurasa huitwa seva. Inaweza kuwa Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya au Marekani. Kwako wewe ni mguso mmoja tu wa kidole.

Linki huharibika kwa njia nne kubwa.

Ya kwanza, ukurasa unafutwa. Tangazo limepita muda wake, au ofisi imefungwa, na mwenye tovuti ameondoa kila kitu.

Ya pili, ukurasa unahamishwa. Ofisi inatengenezewa tovuti mpya yenye sura nzuri, na mafaili ya zamani yanapewa anwani mpya. Fomu bado ipo, ila waliopewa anwani ya zamani hawaipati tena.

Ya tatu, jina la tovuti linaachwa. Jina la tovuti ni kama fremu ya duka: unalipia kwa muda, na muda ukiisha unalipia tena. Usipolipa, mtu mwingine anaweza kulichukua na kuweka anachotaka.

Ya nne ndiyo ya hila kuliko zote. Anwani ni ileile, ukurasa unafunguka vizuri, lakini maandishi yaliyomo yamebadilika. Linki haijafa, ila haisemi tena kile ulichoambiwa utakikuta.

Tatizo hili ni kubwa kiasi gani? Mei 2024, taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye. Asilimia 23 ya kurasa za habari walizochunguza zilikuwa na angalau linki moja iliyokufa, na kwa kurasa za serikali nchini Marekani ilikuwa asilimia 21. Hizo ni tovuti zenye fedha na wafanyakazi. Mtu anayesimamia peke yake tovuti ya shule, ya chama cha ushirika au ya redio ndogo hana nafuu yoyote mbele ya tatizo hilo.

Kuna jambo moja la kuzingatia katika takwimu hizo. Watafiti wa Pew walihesabu kurasa ambazo hazipo tena. Zile zilizopo lakini zimebadilika hazikuwa sehemu ya hesabu yao. Hapo ndipo tofauti kati ya mashine na mtu inapoanzia.

Mashine inavyobisha hodi

Zipo programu za kukagua linki, na nyingi ni za bure. Shirika la W3C, lililoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mtu aliyebuni mfumo huu wa tovuti, lina programu yake ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Zipo nyingine nyingi, ndogo na kubwa, za kulipia na zisizolipiwa.

Zote hufanya kazi kwa namna inayofanana. Programu inasoma ukurasa wako, inakusanya linki zote zilizomo, halafu inazitembelea moja baada ya nyingine. Ikifika kwenye kila anwani inabisha hodi, na seva inaijibu kwa namba. Namba hizo ni lugha ya kimataifa ya mtandao:

200 maana yake ukurasa upo, karibu.

301 maana yake ukurasa umehamia anwani nyingine, nenda kule.

403 maana yake huruhusiwi kuingia.

404 maana yake ukurasa huo haupo hapa. Hii ndiyo namba ambayo wengi tumewahi kuiona kwenye simu zetu.

410 maana yake ukurasa ulikuwepo, umeondolewa moja kwa moja.

503 maana yake seva imeelemewa au iko kwenye matengenezo, jaribu baadaye.

Programu inaandika namba hizo kwenye orodha, na msimamizi wa tovuti anaangalia zipi ni mbaya.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Tuseme tovuti ya redio ina habari 1,200, na kila habari ina linki 5. Hizo ni linki 6,000. Mtu akitumia dakika moja kwa kila linki, atahitaji saa 100, yaani zaidi ya siku 12 za kazi za saa nane, bila kufanya kingine chochote. Akimaliza, zile za mwanzo zinaweza kuwa zimeshaharibika. Programu inafanya kazi hiyo wakati watu wamelala, na wiki ijayo inairudia bila kuchoka wala kulalamika.

Kwa kazi ya wingi, basi, hakuna mjadala. Anayesema atakagua tovuti nzima kwa mkono, kila mwezi, mwaka hadi mwaka, anajidanganya. Ataanza kwa bidii, kisha ataruka, mwishowe ataacha.

Pale mashine inapodanganyika

Tatizo ni kwamba mashine ikisikia "karibu" inaridhika na kuondoka. Haiangalii aliyeitikia ni nani.

Mwaka 2011, Jaji Samuel Alito wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliweka linki ya tovuti moja katika maoni yake kwenye kesi kuhusu michezo ya video yenye ukatili. Baadaye jina la tovuti ile likaachwa, na mtu mwingine akalichukua. Akaweka humo ujumbe wa kejeli: una bahati hukutegemea ukurasa huu kama alivyofanya Jaji Alito, maana ulichokuwa unakitafuta kimeshatoweka. Linki ilifunguka vizuri kabisa. Programu ya kukagua ingeandika 200 na kuendelea na safari.

Yule alikuwa na nia ya kutoa funzo. Sasa fikiria jina lililoachwa ni la mradi wa mikopo ya wakulima uliofadhiliwa kwa miaka mitatu ukaisha, na aliyelichukua ni tapeli. Linki zipo kwenye habari za zamani za redio, kwenye mabango, kwenye makundi ya WhatsApp. Watu wanaiamini anwani kwa sababu waliisikia kwa mtangazaji wanayemfahamu. Tapeli amepata imani hiyo bila kuifanyia kazi hata siku moja.

Ushahidi kwamba jicho la mtu linaona zaidi unatoka kwenye utafiti wa mwaka 2021, ulioongozwa na Profesa Jonathan Zittrain wa Chuo Kikuu cha Harvard. Watafiti walichukua linki zaidi ya milioni 2 zilizowekwa kwenye habari za gazeti la New York Times kuanzia mwaka 1996. Kwa kutumia kompyuta waligundua kuwa katika linki zinazoelekea kwenye ukurasa maalumu, robo zilikuwa zimekufa. Kwa habari za mwaka 1998, zilizokufa zilikuwa asilimia 72.

Lakini hawakuishia hapo. Walichukua sampuli ya linki 4,500 kati ya zile zilizokuwa bado zinafunguka, wakaweka watu wazisome. Watu hao wakakuta asilimia 13 zimebadilika kiasi kwamba hazisemi tena kile gazeti lilichokusudia. Hizo zote mashine ilikuwa imezipitisha kuwa nzima.

Ipo mitego mingine ya kila siku. Baadhi ya tovuti, ukurasa ukikosekana, seva inaonyesha maandishi ya "samahani, ukurasa haupo", lakini kwa programu inajibu 200. Nyingine, baada ya kutengenezwa upya, hupeleka kila linki ya zamani kwenye ukurasa wa mbele. Wewe ulitafuta fomu ya ruzuku ya mbolea, unaletewa picha ya mkurugenzi na salamu za mwaka mpya. Programu inaona umefika mahali. Wewe unajua hujafika.

Mashine pia hukosea upande wa pili, ikaita mfu linki iliyo hai. Tovuti nyingi kubwa huzuia programu zinazozitembelea zenyewe, kwa kuhofia wezi wa taarifa. Programu inajibiwa 403, inaandika kwamba linki ni mbovu, kumbe wewe ukibonyeza inafunguka bila shida. Au fikiria siku ya matokeo ya kidato cha nne. Maelfu ya watu wanaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kwa wakati mmoja. Seva ikielemewa saa hiyo na programu ikapita, itasema haifunguki, na msimamizi mwenye haraka anaweza kuifuta linki sahihi siku ambayo watu wanaihitaji kuliko siku zote.

Jicho la mtu nalo lina kasoro zake

Ukisoma hadi hapa unaweza kusema basi watu wakague zile muhimu, tumalize. Lakini na mtu naye anadanganyika, hasa akikagua mahali pasipofanana na pale ulipo wewe msikilizaji.

Mkaguzi wa tovuti kwa kawaida amekaa ofisini, ana kompyuta yenye kioo kikubwa na intaneti isiyokatika. Anabonyeza linki, faili lenye MB 20 linafunguka kwa sekunde chache, anaandika "sawa". Msikilizaji aliye bondeni, ambako mtandao ni wa kushika na kuachia, analipakua faili hilohilo kwa nusu saa, linakatika katikati, na bando lake la siku limekwisha. Kwa mkaguzi linki ni nzima. Kwa msikilizaji imekufa.

Kuna na tatizo la kumbukumbu ya simu. Simu na kompyuta hutunza nakala ya kurasa ulizowahi kufungua ili zifunguke haraka zaidi. Mkaguzi aliyeufungua ukurasa jana anaweza kuona nakala yake ya jana, huku ukurasa wenyewe umeshaondolewa.

Kubwa zaidi ni suala la ruhusa. Ofisi nyingi siku hizi huhifadhi fomu kwenye Google Drive, kisha husambaza linki. Aliyeiweka fomu akibonyeza, inafunguka, kwa sababu ni yake. Wewe ukibonyeza unaambiwa uombe ruhusa. Mwenye fomu atakuapia kwamba linki inafanya kazi, na kwa upande wake hasemi uongo. Ndiyo maana kukagua kwa mkono kuna maana pale tu anayekagua si aliyeweka, na anatumia simu ya kawaida yenye bando la kawaida.

Mwisho kuna uchovu na mazoea. Mtu akishabonyeza linki 50 zinazofunguka vizuri, ya 51 haisomi tena. Anaangalia kama imefunguka, basi. Hapo amekuwa mashine, ila mashine ya polepole.

Somo la linki fupi za Google

Tukio lingine la karibuni linaonyesha hatari ya kuiachia hesabu ya mashine iamue kipi ni muhimu. Kwa miaka mingi Google ilikuwa na huduma ya kufupisha linki ndefu, zilizoanza na goo.gl. Ziliandikwa kwenye mabango, vitabu, taarifa za utafiti na matangazo, kwa sababu ni rahisi kuzinakili kwa mkono. Mwaka 2019 huduma ya kutengeneza mpya ilisitishwa. Julai 2024 Google ikatangaza kwamba hata zile za zamani zitaacha kufanya kazi kuanzia Agosti 25, 2025.

Watu wakapinga. Mapema Agosti 2025, wiki chache kabla ya siku yenyewe, Google ikalegeza msimamo: linki zinazotumika zitaachwa, na zitakazozimwa ni zile ambazo hazikuonyesha matumizi yoyote mwishoni mwa 2024.

Kwa kampuni, hesabu hiyo inaeleweka. Lakini kubonyezwa mara chache hakumaanishi linki haina kazi. Linki iliyochapishwa nyuma ya kitabu cha mafunzo ya ufugaji inaweza kukaa miaka miwili bila kuguswa, hadi siku ugonjwa unaingia kwenye mabanda na mtu anakumbuka kile kitabu. Mashine inahesabu mibonyezo. Haijui kwamba kuna linki ambazo thamani yake ni kuwepo siku ya shida.

Funzo la pili ni kwamba linki fupi inaongeza mlango wa pili mbele ya ule wa kwanza. Ukurasa wenyewe unaweza kuwa mzima, ila aliyefupisha akifunga biashara, hufiki. Kwa hiyo anwani ndefu ya tovuti halisi ni salama kuliko ya mkato, hata kama inachosha kuisoma hewani.

Kazi igawanywe vipi?

Mfano wa kuigwa upo, na unatoka Wikipedia. Kurasa zake zina rejea nyingi mno kwa watu kuzikagua zote. Kwa hiyo ipo programu inayozunguka kutafuta linki zilizokufa na kuweka badala yake nakala kutoka Internet Archive, maktaba ya mtandao iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, ambayo hutunza nakala za kurasa za tovuti. Programu hiyo haiiti linki mfu kwa jaribio moja. Hurudia kwa siku tofauti. Na ikikosea, wahariri wa kujitolea wana njia ya kuiambia kwamba hii uliyoiua iko hai. Mashine inafanya wingi, na mtu anabaki na neno la mwisho.

Kwa redio, shule, kituo cha afya au chama cha ushirika chenye tovuti, mgawanyo unaoleta maana ni huu.

Mashine ipewe linki zote, kila wiki. Lengo lake liwe kutoa orodha ya zinazotiliwa shaka. Isipewe ruhusa ya kufuta chochote yenyewe.

Mtu apewe linki chache ambazo zikikosewa zinamgharimu msikilizaji: zinazohusu pesa, afya, mitihani, kazi, hali ya hewa na tarehe za mwisho. Tovuti nyingi ndogo hazitakuwa na zaidi ya linki 20 au 30 za aina hiyo kwa wakati mmoja. Hizo zinakaguliwa kwa mkono ndani ya muda mfupi, kwa simu ya kawaida, na mtu ambaye hakuziweka. Aulize maswali matatu: imefunguka? Inasema kile tulichosema? Ni ya mwaka huu?

Linki yoyote itakayosomwa hewani ikaguliwe siku hiyohiyo. Iliyofunguka Jumatatu si dhamana ya Ijumaa.

Na jambo ambalo lingepunguza madhara kuliko yote: kiini cha habari kiandikwe ndani ya habari yenyewe. Tarehe ya mwisho, ada, jina la ofisi na nyaraka zinazohitajika visiachwe nyuma ya linki. Linki ikifa, msikilizaji abaki na kitu mkononi.

Wapo wanaosema akili bandia itamaliza suala hili, kwa sababu sasa programu zinaweza kusoma maandishi na kulinganisha ya jana na ya leo. Zinasaidia kweli. Unaweza kuiagiza programu ikuamshe pale neno fulani au mwaka fulani unapotoweka kwenye ukurasa. Lakini bado kuna mtu lazima aamue kama badiliko lile ni marekebisho ya kawaida, tangazo jipya au utapeli. Na msikilizaji akipata hasara, hatakwenda kuiuliza programu. Ataiuliza redio iliyomwambia abonyeze.

Wewe ufanye nini ukiwa na simu mkononi?

Kwanza, soma anwani kabla ya kubonyeza. Tovuti za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na za Kenya huishia na .go.ke. Angalia sehemu inayokuja kabla ya mstari wa kwanza wa mkwaju mmoja. Jina la wizara likiwa mwanzoni halafu anwani ikamalizikia kwingine, simama hapo.

Pili, tafuta tarehe. Ukurasa ukifunguka, shuka chini au panda juu hadi uone uliandikwa lini. Tangazo la kazi lisilo na tarehe ya mwisho si la kukatia tiketi ya basi.

Tatu, linki isipofunguka, usikimbilie inayofanana nayo kwenye kundi la WhatsApp. Jaribu tena baada ya saa moja, hasa kama ni siku ya matokeo au siku ya mwisho ya maombi. Ikishindikana, andika mwenyewe jina la tovuti kuu ya taasisi na utafute kuanzia ukurasa wa mbele.

Nne, ukurasa ukiomba namba ya siri ya pesa za simu, au ada ya kulipa kwanza kwa namba ya mtu binafsi, funga. Ujumbe wa kitapeli ulioingia kwenye simu yako nchini Tanzania unaweza kuripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040.

Tano, ukikuta linki tuliyokupa sisi imekufa au imebadilika, tuambie. Hatuhitaji lugha ya kitaalamu. Inatosha kutaja kichwa cha habari ulimoikuta, siku uliyojaribu, mtandao wa simu unaotumia, na ulichokiona: patupu, tangazo la zamani, au ombi la ruhusa. Taarifa ya namna hiyo programu yoyote inaikosa, kwa sababu imetoka mahali ambako linki ilikusudiwa kufika, yaani kwenye simu yako, kwa bando lako, kijijini kwako.